Picha Safi ya Kiuno

Fundi Brashi hakuwa mtu wa kupendeka, na afadhali lisemwe mapema ili asije mtu akamlilia bure. Alikuwa na mdomo. Mteja akimletea rangi aliyoichagua mwenyewe, fundi alilitazama lile kopo, akamtazama mteja, akauliza kama nyumba nzima ni choo au ni chumba kimoja tu. Wasaidizi hawakudumu kwake. Mmoja aliondoka ukuta ukiwa nusu, brashi bado inatiririka rangi, akisema heri akabebe mawe kuliko kusikiliza yale masimango kutwa. Majirani walimjulia hali kwa heshima ya mkewe tu.

Lakini jicho alikuwa nalo. Mletee kipande cha plasta kilichobanduka kwenye ukuta wa zamani, cha rangi ambayo hakuna duka linaiuza tena, naye angechuchumaa juu ya ndoo yake, akatia njano kidogo, akatia nyeusi kidogo zaidi, akakoroga, akapaka tone juu ya kile kipande, kisha akafumba jicho la kushoto na kulikazia la kulia. Ndivyo alivyofundishwa ujanani na fundi aliyempa kazi: jicho moja ndilo la kupimia, la pili kazi yake kubishana. Rangi ikishakauka, hata ukipiga magoti huoni mpaka. Kwa ajili ya jicho hilo watu waliumeza mdomo wake.

Aliyeumeza kwa shida kuliko wote ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Shemeji alikuwa mkandarasi. Yeye ndiye aliyetafuta kazi za majengo, na rangi yote alimpa Brashi, si kwa mapenzi, bali kwa sababu hakumpata mwingine wa kumfikia. Ndoa ile aliipinga tangu siku ya posa, na hakuwahi kupumzika kuipinga. Mbele za watu alimwita "mlevi mstaafu", halafu akacheka peke yake.

Na kweli Brashi aliwahi kuwa mlevi. Si mlevi wa kujifichaficha: alikuwa mlevi wa kuimba, wa kuletwa nyumbani amebebwa juu juu. Binti yao alipokuwa bado anatambaa, mke alifunga mizigo, akaipanga mlangoni, akakaa juu yake mpaka mume alipozinduka.

"Sikuombi uape," alimwambia. "Nakwambia tu ujue. Siku nitakayokuona unapepesuka kwenye mlango huu, mimi na mtoto hutatuona."

Akaacha. Aliacha kwa ubishi, kama alivyofanya kila jambo, na tangu hapo kwenye sherehe alikaa na soda yake amenuna kana kwamba amelazimishwa kuja. Sasa binti alikuwa darasa la sita, na hakuwa na kumbukumbu hata moja ya baba mlevi. Kwa hilo tu, Brashi alijiona mtu.

Yalianza kwenye jicho lenyewe. Asubuhi moja la kulia lilimuuma kila alipoligeuza, maumivu ya nyuma kabisa, kama kuna mtu anavuta uzi. Akalinawa kwa maji ya baridi, akailaumu petroli ya kuoshea brashi. Wiki hiyo walikuwa wanapaka ukumbi wa mikutano, na ukuta mrefu wa nyuma mwenye ukumbi aliutaka uwe mwekundu wa tofali. Ndoo ya kwanza ilipoisha fundi alichanganya ya pili, akaipima kwa jicho lake, akaridhika, akapaka. Rangi ilipokauka mwenye ukumbi aliingia, akasimama katikati, akauliza kama rangi mbili ukuta mmoja ndio mtindo wa siku hizi.

Brashi alimwambia akapime macho. Wasaidizi wakaangalia chini. Shemeji akaitwa, akasimama pale pale aliposimama mwenye ukumbi, na uso ukambadilika.

"Umepiga mtindi leo?" aliuliza.

"Nimepiga rangi."

"Nyekundu mbili, ukuta mmoja! Mtoto wa chekechea anaziona. Rudia ukuta mzima, na ukitoka hivi tena utaukwangua kwa meno."

Walipokwenda kula, fundi alibaki na ule ukuta. Alifumba jicho la kulia: ukuta ulikuwa na rangi mbili, na mpaka kati yake umenyooka kama uliopigwa kwa kamba. Alifumba la kushoto: ukuta ulikuwa mmoja, na wekundu wote umepauka, kama umetiwa maziwa. Akafumba, akafumbua, akahamia huku, akahamia kule, mpaka jasho likamtoka. Aliogopa. Aliogopa vibaya sana, na kwa kuwa hofu yake haikujua njia nyingine ya kutokea, aliipiga ndoo teke.

Hakumwambia mtu, si mkewe, si msaidizi. Kuanzia siku hiyo alipimia jicho la kushoto, na aliyeuliza aliambiwa la kulia limeingiwa vumbi. Baada ya wiki kadhaa maumivu yaliisha, wekundu ukarudi karibu wote, naye akajipongeza kwa ujanja wake.

Ilipofika zamu ya miguu, hakukuwa na mguu wa akiba wa kuhamia. Kwanza nyayo zilikufa ganzi, akawa anatembea kama mtu aliye juu ya godoro. Kisha likazuka jambo la ajabu: kila alipoinamisha shingo kukoroga ndoo, umeme ulimshuka uti wa mgongo mpaka visiginoni, akaruka na kukiachia kijiti cha kukorogea. Wasaidizi walidhani anafanya mzaha, na kwa kuwa hawajawahi kumwona akifanya mzaha, wakashtuka zaidi. Kisha akaanza kwenda upande. Alilenga mlango, akagonga fremu. Ikifika jioni ulimi nao ulikuwa mzito, maneno yanatoka yamevimba. Na siku ndoo ilipomponyoka juu ya jukwaa, ikapasukia karibu kabisa na kichwa cha msaidizi, shemeji alimteremsha mbele ya jengo zima.

"Shuka! Sitaki maneno, shuka. Mlevi mimi namjua kwa mwendo."

"Sijanywa."

"Hujanywa? Haya, tembea juu ya huu ubao."

Ubao ulikuwa umelala chini, juu ya mchanga. Fundi alitembea juu yake, na alipofika katikati alianguka. Kuna aliyecheka, na fundi alimjua kwa sauti, na mpaka leo hajamsamehe.

Alipofika nyumbani mke alikuwa ameshasimama mlangoni, maana kaka yake alikuwa amempigia simu. Alimwona mumewe anakuja, ameshika ukuta wa jirani, kisha nguzo, kisha hewa. Hakupiga kelele. Alimwambia binti aingie ndani.

"Naapa kwa huyo mtoto," fundi alisema, na ulimi ukalivuruga neno la mwisho.

"Mtoto usimtaje kwa mdomo huo."

"Wewe na kaka yako mlikuwa mnanisubiri nianguke!"

"Na umeanguka. Nimeambiwa umeanguka kwenye ubao ulio chini."

Waligombana mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Alimwita mkewe kibaraka wa kaka yake. Mke alimwita mwongo, akalirudia, akalirudia tena. Mwisho wake shemeji, aliyekuja kwa kisingizio cha kusuluhisha, alitoa hukumu: kama ni ugonjwa, hospitali ipo, na yeye mwenyewe angempeleka ili asikie kwa masikio yake.

Daktari waliyemkuta alikuwa mtu mwenye haraka, na foleni nje ilikuwa imefika kwenye ngazi.

"Tatizo?"

"Miguu. Haina nguvu."

"Kazi?"

"Kupaka rangi."

"Unabeba ndoo, unainama, unapanda, unashuka. Mgongo huo. Nyinyi mafundi wote mna mgongo." Akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Macho yanaona vizuri?"

Hapa ndipo fundi alipojichimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji alikuwa ameegemea kabati la faili, mikono kifuani, masikio yamemsimama. Kulitaja jicho ilikuwa ni kuukiri ule ukuta, na kuukiri ule ukuta ni kumpa shemeji ruhusa ya kutafuta fundi mwingine kesho yake. Ulevi ulikuwa uongo, na uongo unaweza kukanushwa. Jicho bovu lilikuwa kweli. Nani atamweka fundi wa rangi mwenye jicho bovu?

"Kama ya mwewe," alijibu.

"Shingo? Kichwa?"

"Salama."

Basi akaandikiwa kipimo cha MRI, picha ya kiuno. Mtaalamu wa mashine alimlaza, akampiga picha ya kiuno kama alivyoandikiwa, akamtoa. Huko hawapandi juu kutafuta kitu ambacho hakikuombwa. Majibu yakatoka: pingili zimepangana, neva zinapita, hakuna kinachobana popote. Safi.

Shemeji aliyabeba majibu yale kama aliyeshinda kombe. Aliyasoma kwa sauti sebuleni kwa Brashi, akiwa amesimama.

"MRI hii. Si kipimo cha mkojo! Mashine inamwona mtu mpaka ndani ya mifupa, na imesema safi. Sasa kama si mgongo, niambieni nyinyi ni nini."

Mashine haikuwa imesema uongo. Iliulizwa habari za kiuno, ikajibu habari za kiuno. Lakini nenda kamweleze hivyo mtu anayeshangilia. Na aliyeweza kueleza, aliyejua kwamba kuna jicho na kuna umeme wa shingoni, alikuwa amekaa kwenye kochi amefunga domo, kwa sababu angelifungua angekiri kwamba alimdanganya daktari.

Kesho yake asubuhi mke alifunga mizigo. Binti, ndani ya sare za shule, aliambiwa abebe begi dogo. Fundi alitaka kuwakimbilia, miguu ikagoma, akabaki ameshika mlango. "Mtaniomba radhi!" alipiga kelele. "Mtakuja hapa mniombe radhi, nyote!" Ulimi ukamwaibisha, na mtaa mzima ukasikia sauti ya mlevi hasa.

Kuachwa peke yake kulikuwa na faida moja: hakukuwa na mtu tena wa kumficha jicho. Aliiuza ngazi yake ndefu, ile aliyokuwa hamruhusu mtu kuigusa, akarudi hospitali bila msindikizaji, na safari hii alisema la jicho kabla hajakaa. Wakampeleka kwa daktari wa neva, mama mmoja mfupi wa makamo ambaye wauguzi wakimwona kwenye korido walikumbuka kazi mahali pengine. Aliitazama picha ya kiuno, akaiweka chini.

"Macho hukuulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukasema?"

Fundi aliugeukia mlango.

"Nakuuliza, ukasema nini?"

"Nikasema kama ya mwewe."

Daktari alivua miwani yake. "Kuna watu wanaingoja mashine hii mpaka wanakata tamaa. Wewe umeipata, ukaenda kuionyesha kiuno."

"Mama, nimekuja kutibiwa, sikuja kusemwa."

"Hapa utapata vyote viwili. Funika jicho la kushoto." Alichukua kifuniko chekundu cha chupa ya dawa, akakiinua. "Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Funika la kulia. Sasa?"

"Nyekundu."

"Sawasawa?"

Mazoea yalimtuma aseme ndiyo. Lakini alikuwa amechoka, na nyumbani hakuna mtu. "Si sawasawa," alisema. "La kushoto linaiona yenyewe. La kulia linaiona imetiwa nyeupe, kama kijiko kwenye kikombe." Na lile moja lilipotoka, mengine yakafuata bila kuulizwa: ganzi, umeme wa shingoni, mlango anaoulenga na kuukosa, ulimi wa jioni. Daktari aliandika mpaka akafungua ukurasa mwingine.

"Jicho liko juu," alisema. "Ulimi uko juu, umeme unatoka shingoni. Kiuno chako mimi cha nini? Tunapiga kichwa na shingo, na tunatia dawa ya kung'arisha picha."

Mtaalamu wa mashine hakufurahi kumwona tena. Alimuuliza yale maswali yao: umewahi kuchomelea, umewahi kusaga chuma, kipande cha chuma kiliwahi kukuingia jichoni. Mara ya kwanza fundi alijibu hapana kwa yote ili yaishe. Sasa alisema kweli, kwamba madirisha ya chuma ameyasugua kutu maisha yake yote na vipande vimemrukia mara nyingi. Mtaalamu alimtolea macho. Mashine ile ni sumaku, alimwambia, na chuma kikiwa ndani ya jicho itakitikisa humo humo. Ikabidi apigwe eksirei ya macho kwanza, foleni ikisonya nyuma yake, na bahati hakikuonekana kitu.

"Usitikisike. Ukitikisika tunaanza upya."

Wakamfunika uso kwa kitu kama kizimba, wakamsukuma ndani. Kelele zilianza: kugonga, kusaga, kupiga honi, kama ndani ya ukuta kuna mafundi wanavunja zege na hakuna anayewasimamia. Pua ikamwasha. Akamtukana mtaalamu moyoni, akamtukana shemeji, akamtukana yule aliyecheka pale kwenye ubao, akaanza tena kwa mtaalamu. Walimtoa kidogo, wakamchoma sindano ya dawa, baridi ikampanda mkono, wakamrudisha. Hapo ndipo matusi yalipomwishia, na chini yake akaikuta hofu. Itakuwaje wakisema safi tena? Mkewe hatarudi. Binti atakua akijua baba yake ni mlevi na mwongo. Fundi Brashi, ambaye hakuwahi kumwomba Mungu kitu bila kumlaumu kwanza, aliomba aonekane mbovu.

Akaonekana. Daktari alimgeuzia skrini. Palikuwa na ubongo wa kijivu, na ndani yake madoa meupe, yamejipanga kandokando ya vile vyumba vya maji vya katikati, jingine nyuma ya kichwa chini, jingine shingoni kwenye uti. Fundi alikuwa ameona madoa ya namna hiyo maisha yake yote, kwenye kuta zinazopitisha maji.

"Neva ina ganda," daktari alisema, "kama waya wa umeme. Askari wa mwili wako wenyewe wameligeukia, wanalibandua. Ukiona doa, hapo ganda limebanduka. Hili la nyuma linakuyumbisha na kukuvuruga ulimi. Hili la shingoni ndilo umeme wako. Sasa angalia. Haya mawili yamenyonya ile dawa, yanang'aa: ni mapya. Haya mengine hayakunyonya, ni makovu. Kwa hiyo hayakuja siku moja, wala hayako mahali pamoja. Nitapima damu na maji ya uti wa mgongo kuhakikisha si magonjwa mengine yanayofanana na huu, lakini picha yenyewe imeshasema." Akautaja ugonjwa kwa jina refu ambalo fundi hakulishika, kisha kwa zile herufi mbili wanazotumia madaktari wenyewe, MS.

"Sasa mimi nimelewa au sijalewa?"

"Nini?"

"Nijibu hivyo hivyo nilivyouliza."

"Hujalewa. Mlevi anapepesuka, na mwenye doa pale nyuma anapepesuka vile vile. Kwa kumtazama tu barabarani, hata mimi ningekosea."

Fundi alicheka. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Daktari alimsubiri amalize, kisha akamwambia kwamba bado hajauliza swali lenyewe, kama lile ganda linarudi. Linarudi kidogo, alisema, na linarudi vibaya. Ziko dawa za kupunguza mashambulizi mapya, na angeanza nazo. Ya kuuondoa ugonjwa haipo. Fundi aliitikia kwa kichwa, lakini masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye "hujalewa".

Alikwenda nyumbani kwa shemeji siku hiyo hiyo, na mkongojo wa hospitali, bahasha kubwa kwapani. Shemeji alikuwepo, na mke alikuwepo, anapanga nguo zilizoanuliwa. Fundi hakuketi. Aliitoa ile picha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, akamtupia shemeji karatasi ya majibu.

"Soma. Wewe si unapenda kusoma kwa sauti? Soma."

Shemeji alisoma kimya. Alirudia. Uso haukujua uelekee wapi, kisha ukapata njia.

"Kwa hiyo ulipanda jukwaa langu na jicho bovu, na ulijua," alisema. "Ndoo ile ingemuua mtu."

Ilikuwa kweli, na fundi aliijua. "Hilo ni langu. Nitukane kwa hilo mpaka uchoke. Lakini ulevi uliuzua wewe, ukaniuzia mke wangu na mtoto wangu. Sema mbele yake kwamba uliuzua."

Shemeji alisema anaona simu yake inaita. Haikuwa inaita. Akatoka nayo nje.

Mke hakuwa ameitazama picha. Alikunja shati la shule la binti, akalikunjua, akalikunja upya.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hunywi. Kila shati lako nililinusa kabla sijalitia kwenye maji. Nilinusa mto wako, kikombe chako, hata wewe nilikunusa umelala. Rangi. Jasho. Sabuni. Pombe sikuisikia hata siku moja."

Fundi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Na ukaondoka."

"Nikaondoka."

"Na mtoto ukamwambia."

"Nikamwambia."

"Kwa nini, wewe mwanamke? Mimi nimekukosea nini?"

"Kwa sababu pombe uliwahi kuiacha!" Alisema kwa ukali, kama anamkaripia. "Nilitaka iwe pombe. Pombe naijua. Nafunga mizigo, unashtuka, unaacha, narudi nyumbani kwangu. Hicho kingine nitakikamatia wapi? Nilikuona unashika ukuta, nikajiambia amelewa, nikataka na mtu mwingine aniambie hivyo hivyo. Kaka yangu akaniambia."

Waliodhani amelewa fundi angeweza kuwasamehe, polepole, mmoja mmoja, hata huyo aliyejificha nje na simu. Huyu alijua. Alimwona mtu wake anazama, akamwita mlevi kwa sababu ilikuwa nafuu kwake.

"Mtoto akirudi utamwambia wewe mwenyewe," alisema. "Mbele yangu. Halafu mimi nakwenda zangu, na usinifuate."

Binti alirudi kutoka shule, begi begani. Alipomwona baba yake hakumkimbilia. Alisimama mlangoni, mgongo umeegemea fremu, umbali wa mtu aliyekwisha kufundishwa walevi wanakaliwa umbali gani.

"Shikamoo, baba," alisema kutoka pale pale.

"Marahaba. Njoo."

Hakuja. Alimwangalia mama yake kwanza, amwombe ruhusa kwa macho, na hilo lilimuuma fundi kuliko yote yaliyompata.

"Mwambie," alimwambia mkewe.

Mke aliliweka shati chini. "Baba yako hanywi," alisema. "Hakuwa anakunywa. Mimi nilikudanganya. Ni ugonjwa, umeonekana kwenye ile picha pale."

Binti aliigeukia picha iliyokuwa dirishani, akaitazama kwa muda, kichwa amekilaza upande kama baba yake anavyofanya akipima rangi. Kisha akamrudia mama yake.

"Ulisema akiacha tutarudi nyumbani."

"Nilisema."

"Sasa kama si pombe, ataacha lini?"

Mke alimtazama mumewe, na binti naye akamtazama, wakimsubiri Fundi Brashi, mtu ambaye hakuwahi kukosa la kumjibu mtu. Aliibandua picha dirishani, akaitia kwenye bahasha. Sasa alikuwa amemwelewa mkewe, neno kwa neno, kwa nini alitaka iwe pombe, na kumwelewa hakukumpunguzia hasira hata kidogo.